Moshi Uliosingiziwa Jicho Langu

Nina jicho moja linaloona, na tabaka lake la juu si langu. Nilishonewa miaka kumi na minane iliyopita, binti yangu Zaina akiwa bado ananyonya. Leo Zaina ana mtoto wake mwenyewe, na mtoto huyo ana tabia ya kunivuta miwani usoni kila ninapompakata.

Naandika kwa sababu kila nikienda kupimwa Korogwe, kwenye kliniki ya macho, simkosi mtu mwenye kitambaa jichoni anayenisogelea na kuniuliza: "Mama, lako lina muda gani? Bado linaona?" Nikianza kumjibu, jina lake linaitwa, au langu. Kwa hiyo nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja. Mambo ya kidaktari sitayaeleza kwa kuwa siyajui, na niliyoelezwa niliyasahau kabla sijafika mlangoni. Nitasema yaliyonipata mimi Mwanaidi, na mahali pa aibu sitaparuka, maana hapo ndipo penye faida kwako.

Jicho la kushoto lilichukuliwa na surua nikiwa mdogo, hata sikumbuki kama liliwahi kuona. Sikuhesabu kama hasara. Nilisoma hadi darasa la nne nikiwa nimekaa mbele kabisa, nimegeuza shingo kama kuku anayesikiliza, na mwalimu alizoea. La kulia ndilo lililokuwa mali yangu.

Mali hiyo niliichezea mwaka wa tano wa Uhuru. Shamba letu, nje kidogo ya Handeni, lilipakana na la jirani kwa safu ya mkonge. Kila jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na wakataji wa kwenye mashamba makubwa huanza kuukata huo mwiba kabla ya kitu kingine chochote. Wa kwetu ulikuwa wa mpaka tu, hakuna aliyeugusa. Mbuzi alinasa kamba humo ndani, nikainama kumnasua, akajirusha, na jani likarudi likanichoma katikati ya jicho.

Nilitiwa maji ya majani. Nilitiwa maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha. Sisemi hivi kumlaumu mtu, kope nilizifungua kwa vidole vyangu mwenyewe. Maumivu yaliisha baada ya mwezi, lakini mbele ya jicho pakabaki kovu jeupe, na dunia ikaingia ndani ya ukungu.

Masika mbili nilikaa katika ukungu huo. Nilijua mchana na usiku, nilijua mlango kwa mwanga wake. Watu niliwajua kwa vikohozi na miguu. Nilipika kwa kusikiliza sufuria na nikaungua mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Zaina alizaliwa humo humo. Niliambiwa amefanana na baba yake, na mimi nikampapasa pua, nikampapasa masikio, nikasema ndiyo, kweli, amefanana naye. Nilikuwa nasema uongo. Vidole haviwezi kukuonyesha uso wa mtoto wako, na hilo liliniuma kuliko mwiba.

Shangazi yangu alikuwa anakaa Kilole, pale Korogwe. Yeye ndiye aliyetuma habari kwamba kuna daktari wa macho anayefika hospitalini mara chache kwa mwaka, na kwamba watu wanaingia wakishikwa mkono na kutoka peke yao. Mume wangu Athumani hakungoja nimalize kutafakari. Alinipandisha kwenye baiskeli, mtoto mgongoni kwangu, akaniendesha hadi Handeni mjini, tukapanda basi la Korogwe.

Benchi la kliniki ile nalijua kuliko kitanda changu. Siku hiyo ya kwanza tulikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri ilipopita. Daktari alinimulika kwa tochi ndogo, akanimulika tena. Akasema jicho kwa ndani ni zima. Kilichoharibika ni kioo cha mbele, tena upande wa juu tu. Anaweza kubandua tabaka lile lenye kovu na kushona jingine mahali pake, na tabaka la chini litabaki langu mwenyewe.

"Hilo jingine linatoka wapi?" Athumani akauliza.

"Kwa mtu aliyefariki, ambaye kabla ya kufa alikubali kutoa."

Tuliporudi nyumbani kuaga, mama mkwe wangu aliposikia alikaa chini kabisa.

"Jicho la maiti?"

"Si jicho lote, mama," Athumani akamwambia. "Ni ngozi yake ya juu tu."

"Maiti wa wapi? Wa dini gani?"

"Mama, jicho halina dini. Lina kope."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka, na alikaa siku nzima bila kuzungumza na mwanawe. Simlaumu. Tulikuwa tumezoea kwamba mtu akizikwa anazikwa na vyake vyote.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam, mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Zaina nilimwacha Kilole kwa shangazi, nikapanda treni nikiwa nimeshika mkono wa Athumani. Njia nzima matiti yalikuwa yanajaa na kunikumbusha niliyemwacha. Nilipofika hospitalini nesi mmoja alinifunga kanga kifuani kwa nguvu ili maziwa yakauke. Nikiulizwa leo ni maumivu gani makubwa kuliko yote katika ugonjwa ule, nitasema ni hayo ya kifuani, wala si ya jicho.

Lile tabaka lilitoka nchi ya mbali kwa ndege, ndani ya kichupa. Ndivyo tulivyoambiwa. Nani alilitumia kabla yangu sikujua na sijui mpaka leo. Nimeshamwombea mara nyingi bila jina.

Baada ya kushonwa nilifungwa macho yote mawili, hata lile lisilo na kazi, na kichwa kikawekewa mifuko ya mchanga kushoto na kulia kisigeuke. Usikohoe, usipige chafya, usicheke, usijikaze chooni. Wewe jaribu kukaa siku kumi na mbili bila kucheka katika wodi ya wanawake. Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kabuku aliyekuwa na mtoto wa jicho upande mmoja, na huyo alikuwa ananisimulia kila anayepita: huyu ana viatu vya kubana, huyu daktari kijana amefunga vifungo vya koti upandeupande. Alinilisha uji kwa kijiko bila kumwaga hata tone. Sikuwahi kumwona uso, aliondoka kabla sijafunguliwa.

Siku ya kufunguliwa nilichokiona kwanza ni kifungo cha gauni la nesi. Kilikuwa cheupe, kina matundu manne. Nikakihesabu matundu kwa sauti, na nesi akaita wenzake. Lakini nisikudanganye: vyote vingine vilikuwa kama vinaonekana kupitia maji, na zile nyuzi zilikuwa kama mchanga chini ya kope kila nikipepesa. Nyuzi zilikuja kutolewa Korogwe miezi kadhaa baadaye. Ukifunguliwa ukaona ukungu, usikate tamaa siku ya kwanza. Langu liliendelea kusafika mpaka mwisho wa masika.

Zaina nilimwona uso kwa mara ya kwanza Kilole, mlangoni kwa shangazi. Kweli amefanana na baba yake. Alinitazama, akaona mwanamke mwenye kitambaa jichoni, akakimbia kujificha nyuma ya shangazi akilia. Alichukua wiki mbili kunikubali. Nilikuwa nimemsubiri mwaka mzima nimwone, haikunipita akilini kwamba yeye naye atakuwa na la kusema.

Nyumbani nilirudi na amri. Dawa ya matone mara nne kwa siku, bila kukosa. Nisifikiche jicho. Nisibebe kuni wala ndoo. Na nikae mbali na moshi. Hiyo ya mwisho daktari aliisema kwa wepesi kabisa, kama anayemwambia mtu akae mbali na simba. Sasa mwambie mwanamke wa kwetu, mwenye mafiga matatu na kuni mbichi za masika, akae mbali na moshi! Kwa miezi ile alipika mama mkwe wangu. Alipika vizuri na alinung'unika vizuri zaidi. Athumani yeye kazi yake ilikuwa kufuata dawa. Kichupa kilikuwa kinakwisha kwa wiki mbili, na mimi kikikaribia kwisha namwambia, naye anapanda baiskeli hadi Handeni mjini kuchukua kingine.

Jicho lilikuwa jema. Niliweza kuchambua mchele. Niliweza kusoma barua ya mtu na kumjibia. Ndipo maneno yalipoanza kisimani.

Mwanzoni yalikuwa utani. Mmoja aliniuliza kama jicho la ugenini linajua Kizigua. Mwingine akauliza kama nikisali linaelekea kibla au linaangalia kwao lilikotoka. Nilicheka nao, tena nikaongeza langu. Halafu siku moja nikiwa nimeinama nyuma ya majani nafua, nikasikia mmoja akisema, bila utani, kwamba Mwanaidi amebeba kitu cha kafiri mwilini na swala zake hazijulikani zinakwenda wapi. Nikamaliza kufua, nikaanika, na sikumwambia mtu. Lakini neno lile lilinikaa rohoni kama mwiba wa pili.

Ramadhani ikaingia wakati wa vuli. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, hilo kila mtu analijua na mimi nilifundishwa kwenye chuo cha Kurani nikiwa mtoto. Nilikataa ruhusa hiyo. Nilitaka nifunge siku zote, waone. Nilitaka wale wa kisimani waone kwamba mwenye mwili ni mimi na ninajua dini yangu.

Kufunga peke yake kusingeniumiza. Kilichoniumiza ni dawa. Aliyewahi kutia matone ya macho anajua kwamba baada ya muda mfupi uchungu wake huteremka kooni. Siku ya kwanza ya mfungo nilitia asubuhi, nikausikia uchungu ule kooni, nikatema, nikatema tena, na kutwa nzima nikawa na wasiwasi kwamba nimefungua. Siku ya pili nikaacha. Nikasema nitatia usiku tu, baada ya futari na wakati wa daku. Mara mbili badala ya nne. Mwezi ukienda, daku nikawa naamka na usingizi na naisahau ile ya pili. Ikawa mara moja.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikumwendea mwalimu wa chuo nikamuuliza. Jibu ni kwamba nilijua atakachonijibu. Angesema nitie dawa yangu na niache kujitesa. Sikutaka kuambiwa hivyo.

Katikati ya mwezi mama mkwe wangu alikwenda Kabuku kumuuguza binti yake aliyejifungua. Jiko likabaki halina mtu. Athumani akaniomba, kwa upole sana, kama ningeweza kumpikia walau uji wa pilipili manga wa kufuturia, mengine tutakula yaliyolala. Nikampikia uji, na nikaanza kupika na mengine, maana nilikuwa nimechoka kuitwa mgonjwa.

Kumi la pili jicho likawa jekundu. Kumi la mwisho mwanga ukaanza kuniuma, nikawa natembea na upande wa kanga umeshuka usoni. Ukungu ulianza chini, pembeni, ukapanda. Nilikuwa nauona unapanda na sikusema. Kila siku nilijiambia zimebaki siku chache, Idi ikifika nitaitia hiyo dawa mara nne, hata mara sita. Mpaka asubuhi moja nikamwita Zaina aje anywe uji, nikamwita mara tatu nikakasirika, kumbe ninayemwita ni debe la maji lililofunikwa kitambaa. Zaina alikuwa nyuma yangu ananitazama.

Nilipiga kelele. Athumani akatoka, na mama mkwe wangu aliyekuwa amesharudi kutoka Kabuku naye akatoka. Mama alinishika kidevu, akaniangalia jicho, akasema: "Yarabi! Limekuwaje hili? Limefanywa nini?"

Nilifungua mdomo. Athumani akawahi.

"Ni moshi," alisema. "Mimi ndiye niliyemtia jikoni ulipoondoka. Kosa ni langu."

Mama alimgeukia mwanawe. Alimsema mpaka tukapanda basi. Nilimsikiliza mume wangu akivuliwa nguo kwa maneno mbele ya jirani, kwa kosa nililolifanya mimi, na ulimi wangu haukutikisika. Nimejuta mambo mengi katika maisha yangu lakini hilo lina kiti chake peke yake.

Korogwe tulimkuta Sista Agnesi, nesi wa kliniki, Msambaa kutoka milimani, mwanamke mkavu wa maneno na mwepesi wa mikono. Daktari alikuwa anafika kesho yake, tukalala Kilole. Asubuhi tukarudi benchini. Sista aliniuliza kabla sijaingia.

"Dawa unaweka?"

"Naweka."

"Mara nne?"

"Mara nne, sista."

Akaandika. Nilisikia kalamu ikiandika uongo wangu.

Daktari aliniangalia muda mrefu. Akasema mishipa ya damu imeota na kuingia kwenye kipande kilichoshonwa, na kipande kimevimba. Akamuuliza sista kama dawa imewekwa, sista akasoma alichoandika. Daktari akashusha pumzi.

"Kama dawa imewekwa sawasawa na bado limefika hapa, basi mwili wako unalikataa," akaniambia. "Nikiliacha, litaharibu hata sehemu yako ya chini ambayo ni nzima. Itabidi nilitoe. Kesho asubuhi nitaamua."

"Na jingine?"

"Jingine sijui litapatikana lini, mama."

Sasa nielewe vizuri. Nilikuwa na jicho moja. Daktari alikuwa tayari kubandua kinachoniwezesha kuona, kwa sababu ya neno langu. Neno moja lingetosha kumzuia, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikajiambia nikishusha pumzi mara kumi nitarudi ndani nikaseme. Nikashusha. Mume wangu alikuwa ameshajibebesha mzigo mbele ya mama yake, nikisema sasa itaonekana nimemwacha atukanwe bure. Na sista ameshaandika. Na yule mtu wa mbali aliyetoa kitu chake, nilimfanyia nini? Watu waliitwa mmoja mmoja, benchi likabaki na mimi. Sikuingia. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nangoja kilio nikiwa nimekaa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nikiwa tayari kwa kubanduliwa. Daktari akaingia, akanitazama namna ambayo sikuielewa, akasema tujaribu jambo moja kwanza. Nilazwe. Sista Agnesi anitie dawa kwa mkono wake mwenyewe kila saa, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Nisiguse kichupa. Nikasema Alhamdulillahi. Nilidhani Mungu amemgeuza moyo.

Idi ilinikuta wodini. Shangazi aliniletea pilau kwenye bakuli lenye kifuniko, na Sista Agnesi, Mkristo yule, alisimama mlangoni asimruhusu mtu mwingine kuingia mpaka nimalize kula. Baada ya wiki tatu wekundu ulikuwa umekwisha na uvimbe umeshuka. Mishipa ilibaki, nyembamba kama nyuzi za buibui, upande wa chini, na ukungu kidogo mahali hapo. Upo mpaka leo. Nikisoma, mstari wa chini wa ukurasa lazima niinue kitabu. Hiyo ndiyo gharama ya Ramadhani yangu, na naiona kila siku.

Ulitaka kujua baada ya miaka ikoje, basi ni hivi. Dawa nilitia miaka miwili zaidi, zikipunguzwa polepole, kisha nikaachishwa. Kuna miwani, na bila miwani taa moja huwa mbili. Jua kali linaniuma, kwa hiyo kwenye shamba la kijiji nilipewa kazi za asubuhi, na vumbi la kiangazi hunifanya nitoe machozi bila msiba. Likiwa jekundu siku mbili mfululizo sisubiri ya tatu, napanda basi. Mwaka jana daktari mpya, kijana ambaye alikuwa shule ya msingi niliposhonwa, aliniangalia akasema katikati bado pasafi kabisa, na akaita wanafunzi wake waje watazame. Nilikaa kama bibi harusi, wakapita mmoja mmoja. Halikuwa jicho jipya kamwe, ukitegemea hilo utahuzunika bure. Lakini kwa jicho hili nimefundisha kisomo cha watu wazima miaka saba, na wale wa kisimani wawili niliwafundisha mimi kuandika majina yao. Sikuwaambia kwamba niliwasikia.

Na Athumani akapika. Aliporudi kutoka Korogwe alisema mbele ya mama yake kwamba kuanzia siku hiyo mkewe hataona moshi. Mama alidhani ni hasira ya wiki moja. Akawa anapika, ugali, mchicha, makande, alijifunza kwa kuunguza. Kwenye nyumba yetu ya zamani, iliyokuwa peke yake shambani, hakuna aliyejua. Halafu tukahamishiwa kijijini, nyumba kwa mstari, jiko lako linatazamana na la mwenzako, na kijiji kizima kikaona mwanamume na ndevu zake anapuliza moto. Mwenyekiti alisema mkutanoni kwamba kijiji kina bwana shamba na sasa kimepata bwana jiko. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Athumani naye alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nimeinamisha uso, na nilijua kwamba mtu yule anachekwa kwa ajili ya uongo wangu. Miaka ikapita. Mama mkwe wangu akafariki, Mungu amrehemu, akiamini ni moshi. Zaina amekua akiamini ni moshi.

Nilipoanza kuandika haya masika iliyopita, niliapa kwamba sitampa mtu mwingine kabla ya kumsomea Athumani. Nikaenda nikakaa naye asubuhi, anachambua mchicha. Nikasoma. Alipenda pale pa mama wa Kabuku. Nilipofika pa Ramadhani nikajilazimisha, nikasoma yote mpaka pa benchi. Kisha nikasema, "Baba Zaina, haukuwa moshi."

"Najua," alisema. Hakuacha kuchambua.

"Unajua nini?"

"Mwezi ule hukunituma dawa. Wiki mbili zikapita, tatu, nne, hukunituma. Nikajua huitii."

"Ulijua siku ile ya debe?"

"Nilijua kabla ya debe. Nikasema nitakwambia kesho, nitakwambia kesho. Niliogopa utaona nakuzuia kufunga. Na mimi nina kosa langu hapo."

"Sasa kwa nini ulisema ni moshi?"

"Mama alikuwa amesimama pale. Angekwita muuaji wa jicho mpaka anaingia kaburini."

Kuna kitu kilikuwa kinasogea kichwani mwangu taratibu, nikawa nakiogopa.

"Daktari," nikasema. "Alitaka kulitoa. Asubuhi akabadili."

"Nilimngoja mlangoni kabla hujafika. Nikamwambia dawa hakutia, amefunga, ana aibu kusema, naomba usimuulize." Akapekua jani moja la mchicha, akalitupa. "Mama hakuwa Korogwe."

"Na kupika? Miaka yote hii, watu wanakucheka, na ulijua si moshi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi sana.

"Nilishasema ni moshi. Ningekurudishaje jikoni?"

Nikamkumbusha kwamba mama yake amefariki mwaka wa saba huu. Akasema anajua, yeye ndiye aliyemzika, lakini mkono umeshazoea, na tena ugali wangu siku zote ulikuwa na madonge ila hakutaka kuniumiza mgonjwa. Nikacheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, nikalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza ni msiba gani.

Wewe unayesubiri kwenye benchi, siku daktari akikuuliza kama dawa umetia, mwambie kweli kwa kinywa chako. Mimi nilisemewa na mtu mlangoni, na sikujua kwa miaka kumi na minane.